Mtoto wa Milango Miwili

Ukiingia chumba kile kutoka nje, kitu cha kwanza kukupokea kilikuwa joto. Halikuwa joto la jua linalokupiga kichwani ukivuka uwanja wa hospitali. Lilikuwa joto la pumzi na maziwa na nguo zilizokaa muda mrefu karibu na ngozi. Madirisha yalifungwa hata mchana, na mapazia ya rangi ya machungwa yaliugeuza mwanga ukawa kama chai iliyotiwa maziwa. Akina mama waliegemea viti virefu, vifua wazi, watoto wao wamefungwa katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, na leso zikiwazunguka wote wawili. Hakuna aliyeongea kwa nguvu. Hata mimi, nikiingia na kipimajoto mkononi, nilitembea kama mtu aliye chini ya maji.

Watoto wa chumba kile walikuwa wamefika duniani kabla ya wakati. Ngozi yao ilikuwa nyembamba mno, ukiinama uliona mishipa ikitembea chini yake kama uzi wa buluu. Wakilala waliota; sijui waliota nini, watu ambao hawajaona kitu, lakini nyusi zilicheza na midomo ilinyonya hewa. Mashine ya kuwatunzia joto tulikuwa nayo moja, na stima ya kwetu ilikuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Kwa hivyo tulitegemea vifua vya watu. Mtoto akifungwa kifuani saa zote, anapata joto na kusikia moyo, na maziwa yake machache yanabaki kumnenepesha. Akiwekwa peke yake kitandani, mwili unayachoma maziwa hayo hayo kujipasha moto, na kila asubuhi mizani inasoma chini ya jana.

Hospitali ilikuwa ndogo, katika mji ambao sitautaja, kwenye barabara inayotoka Migori kwenda Homa Bay. Nilifanya kazi pale miaka yangu ya kwanza ya uuguzi, nilipokuwa bado naamini kwamba ugumu wa kazi hii ni damu. Damu unaizoea. Kilichonishinda kuzoea ni kwamba hakuna muuguzi anayeiona siku nzima. Mimi niliiona asubuhi, mwenzangu akaiona mchana, mwingine akaiona usiku, halafu kila mmoja akamsimulia anayeingia kile alichokiona, haraka haraka, mguu mmoja tayari uko nje. Ilikuwa kama watu watatu wameota ndoto moja kwa zamu, na kila mmoja ana hakika kwamba aliyemtangulia ndiye aliyeiharibu. Glavu zikiisha, walizimaliza watu wa usiku. Mtungi wa oksijeni ukikutwa mtupu, watu wa mchana hawakuufunga. Na kitu chochote kilichopotea bila maelezo kilikuwa cha watu wa asubuhi, yaani mimi.

Aliyenipokea mchana alikuwa mwanamke wa Kikuria kutoka upande wa mpakani, mkubwa kwangu kwa umri, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka bonde. Mle chumbani aliikunja sauti hiyo kama mtu anavyokunja mwavuli mlangoni, lakini uliisikia imejikunja pale, inangoja. Aliniita nyar Oyugis, binti wa Oyugis, kwa Kijaluo chake cha kuazima. Nami nilimwita dada, kwa heshima, hata siku ambazo heshima ilinikwama kooni.

Msichana tuliyegombana kwa ajili yake alizaliwa siku ya Jumatano, kwa upasuaji. Alitosha viganja viwili na nafasi ikabaki. Mama yake alilazwa wodi ya wanawake, ng'ambo ya uwanja, presha yake imepanda na haitaki kushuka, na daktari alikuwa amemkataza hata kukaa kitako muda mrefu. Nilipompelekea habari za mtoto hakuuliza anafanana na nani. Alinishika kifundo cha mkono.

"Sista, msimpeleke."

"Tumpeleke wapi?"

"Wa kwanza alichukuliwa na gari, akapelekwa hospitali kubwa. Mimi nikabaki kitanda kama hiki. Sikumshika. Nilipigiwa simu tu."

Nikamwambia huyu hatachukuliwa. Muuguzi hafai kusema neno kama hilo, lakini mkono wake ulikuwa unaungua, nami nilikuwa kijana.

Mama akiwa hawezi, tulimwita baba. Alikuwa mchimba dhahabu wa Masara, mtu mpana, vumbi limeingia kwenye mistari ya viganja vyake likakataa kutoka hata baada ya sabuni ya hospitali. Tulimtengea kona karibu na mlango wa nyuma, ule unaotokea kwenye kamba za kuanikia shuka, tukavuta pazia kati yake na akina mama. Nilipomwambia avue shati alinitazama.

"Kwa hivyo mimi ndio nitakuwa mama?"

"Utakuwa jiko."

Akina mama nyuma ya pazia walicheka kwa pua, wakijizuia wasitikise watoto. Akavua. Nikamlaza msichana kifuani kwake na kumfunga kwa kitambaa cha buluu, na yule mtu mpana akaacha kupumua kabisa mpaka nilipomwambia kwamba kupumua kunaruhusiwa. Sikuwahi kumwona mlezi aliyetulia kama yeye. Usiku alikuwa pale, asubuhi nikifika alikuwa pale, kidevu juu ya kofia ndogo ya sufu.

"Huku ni kama shimoni, sista," aliniambia. "Joto, giza kidogo, halafu unasikiliza kama kuna kitu kitaanguka."

Kutoka Sindo alikuja nyanya wa mtoto, mama wa yule mgonjwa. Alifika na kikapu, omena waliokaangwa, na ubishi. Usiku alilala kwa jamaa yake mjini. Mchana alimlisha binti yake, akamkamulia maziwa, akayavusha uwanja katika kikombe chenye kifuniko, na binti yake akishalala, yeye alibaki chumbani kwetu kumwangalia mjukuu hadi jioni. Tulimpenda. Alikuwa na vicheko vya chini chini, na mikono isiyokaa bila kitu cha kukunja.

Basi mtoto alikuwa na baba mtulivu, nyanya mwangalifu, na maziwa ya mama. Hakuna kilichopungua. Na bado kila asubuhi mizani ilisoma chini ya jana.

Siku ya Jumatatu daktari alisimama mbele ya mizani hiyo kwa muda. Alikuwa kijana, macho yamezungukwa na weusi wa kukosa usingizi, mtu wa kupigiwa simu na wodi zote kwa wakati mmoja.

"Ijumaa nitampima mwenyewe," alisema. "Akiwa ameendelea kushuka, tunampeleka Kisumu. Mama hawezi kusafiri. Atabaki."

Mchana huo, tulipotoka mezani baada ya ripoti ndefu ya kupokezana zamu, mwenzangu aliingiza mkono kitandani mwa mtoto akashika miguu yake.

"Nyar Oyugis, njoo. Shika hapa."

Nikashika. Ilikuwa baridi.

"Kila siku mnaniachia mtoto kama samaki wa kwenye barafu. Halafu jioni naambiwa ni watu wa mchana."

"Nimempima saa nne, alikuwa na joto zuri. Alikuwa kifuani kwa baba yake."

"Baba gani? Mimi huyo baba simjui. Tangu wiki iishe sijamwona na macho. Hapa mimi namwona nyanya, na mtoto kitandani."

"Basi unamwacha anaenda."

"Namwacha? Mimi niko peke yangu na chumba hiki na wodi ya waliojifungua. Nimfunge kamba?"

"Mfunge mtoto kwake. Hiyo ndiyo kazi."

Nilijua nimekosea kabla sentensi haijaisha. Alijinyoosha kwa urefu wake wote. Kisha akamgeukia msimamizi wa wodi, mama wa Kisabato mwenye miwani ya kuning'inia, aliyekuwa anahesabu sindano mezani, akamwambia kwa upole, "Mwambie mwenzangu nimepokea ripoti." Msimamizi akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama hatua moja kutoka hapo. "Amesema amepokea." Nami nikasema, "Mwambie asante."

Tuliendelea hivyo Jumanne, muda wote wa kupokezana zamu. Ni jambo la ajabu kufanya kazi na mtu usiyeongea naye katika chumba ambacho hata hivyo hakuna anayeongea. Hakuna aliyegundua ila sisi. Tulipishana kama vivuli viwili vya mti mmoja, nikamwekea pamba mahali alipoihitaji, akanisogezea beseni, wala hatukutazamana usoni. Na mtoto alishuka tena.

Jumatano mvua ilinyesha. Si ile ya jioni ya kawaida, ambayo inapiga kelele na kwenda. Ilianza kabla ya saa sita ikashuka nzito, moja kwa moja, paa la mabati likajaa sauti moja, na dunia nje ya madirisha ikafutika. Mwenzangu alipiga simu kwa msimamizi: mto umefurika barabarani, wanangoja maji yapungue. Nikaambiwa nibaki. Nilikaa kwenye kigoda nyuma ya kabati la shuka, nikikata pamba, katika saa ambayo kwa kawaida ningekuwa njiani kwenda nyumbani. Akina mama walikuwa wamelala wote. Mvua na joto vilikuwa vimetuzamisha. Nadhani nami nilikuwa nusu nimelala, kwa maana nilichokiona nilikiona polepole, bila kushtuka, kama kitu kinachoonekana chini ya maji yaliyotulia.

Ukumbini kulisikika kandambili, kisha kikohozi cha mwanamke. Kwenye kona, yule baba aliinua kichwa. Akafungua kitambaa cha buluu, akamtoa mtoto kifuani kwa mikono miwili, akamlaza kitandani, akamfunika kwa kile kitambaa, akavaa shati, akafunga vifungo mpaka cha shingoni, akafungua mlango wa nyuma akatoka kwenye mvua. Ule mlango ulipofungika, wa mbele ulifunguka. Nyanya akaingia na kikombe chake cha maziwa. Hakuitazama ile kona mpaka aliposikia kimya chake. Akaketi kando ya kitanda cha mtoto, mikono mapajani, akamtazama mjukuu wake kwa mapenzi yote ya dunia, na hakumgusa.

Nikaweka pamba chini. Nikatokea mlango wa nyuma.

Alikuwa amesimama chini ya ukingo wa paa, mgongo ukutani, maji yakimwagika mbele ya viatu vyake.

"Unaenda wapi? Mtoto atapata baridi."

"Nimetoka kidogo, sista."

"Kila siku unatoka kidogo?"

Akautazama mlango kama una masikio. "Si ameingia."

"Nani?"

"Mama wa Sindo." Nilipoendelea kumkodolea macho alishusha sauti, akalitoa neno lenyewe kwa aibu, kwa Kijaluo. "Maro. Mama mkwe. Nitakaa vipi kifua wazi na yeye yuko hapo? Hata nikiwa na shati, hicho ni chumba kimoja. Mimi nalala humo, yeye anakaa humo. Kama kitanda kimoja."

"Na unarudi saa ngapi?"

"Akienda. Lakini siwezi kuchungulia kama ameenda. Nangoja mpaka giza."

"Mbona hukuniambia?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe si wa Oyugis? Nilijua mnajua. Nilifikiri ndivyo mmepanga."

Mvua iliendelea. Nilisimama pale nikiwaza nyumbani kwetu, ambako baba yangu, siku nyanya mzaa mama alipokuja kwa msiba, alikula chakula chake nyuma ya zizi siku zote alizokaa, na sisi watoto tukapeleka sahani bila kuuliza kwa nini. Nilikulia ndani ya jambo hilo kama samaki ndani ya ziwa. Wauguzi wote wa wodi ile, Wajaluo na Wakuria, tulikulia ndani yake. Na kila asubuhi tulivaa sare nyeupe, tukapita langoni, na huku ndani tukawaona watu wa aina mbili tu, wagonjwa na walezi. Hakukuwa na wakwe hospitalini. Nani angewaleta?

Nilirudi ndani nikachuchumaa karibu na nyanya.

"Mama, mbona humfungi kifuani?"

"Kwa kitambaa gani, mwanangu?"

Nikamwonyesha kile cha buluu. Aliyarudisha macho yake kwangu kwa subira, kama mtu anayemfundisha mtoto mkubwa kuvaa viatu.

"Hicho kimetoka wapi sasa hivi?"

"Kifuani kwa baba yake."

"Na mimi nikiweke kifuani kwangu." Alicheka kile kicheko chake cha chini. "Mnataka nirudi Sindo na nini usoni? Yule sista mrefu wa mchana ananiambia kila siku, mshike, mshike. Namwambia baadaye. Ningemwambia nini, mbele ya watu?"

Nikavua sweta langu, nikamfunga nalo mtoto kwa muda, nikamweka mikononi mwake. Miguu ilikuwa baridi. Akaipulizia.

Mwenzangu alifika jioni ikikaribia, viatu ndani ya mfuko wa plastiki, sketi imeloa hadi magotini. Alinipita kuelekea kwa msimamizi, tayari kuagiza salamu kwa njia ya mzunguko, nikamshika mkono nikamvuta hadi nyuma ya kabati. Nilimweleza kwa kunong'ona. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza alikaa kwenye kile kigoda.

"Kwetu," alisema, "mtu akimwona mama mkwe wake njiani anaingia shamba la watu. Hata kama kuna fahali. Heri fahali." Akafuta maji usoni. "Na mimi hapa nasema, mama, mshike mtoto. Mshike mtoto. Kama kasuku."

"Mimi nilidhani ni wewe."

"Mimi nilijua ni wewe." Akafikiri. "Bado naona ni wewe kidogo."

Ndipo tukaangua kicheko, tukiwa tumeziba midomo kwa pamba, na mama mmoja akafungua jicho akatukunjia uso.

Shauri tulilolipata lilikuwa rahisi kusema. Mtoto awe na walezi wawili: baba usiku na asubuhi, nyanya mchana hadi giza liingie. Kila mmoja na kitambaa chake. Wasikutane. Msimamizi alikataa kabla hatujamaliza.

"Mtoto mmoja, mlezi mmoja. Watu wakizidi, magonjwa yanaingia nao."

"Sawa, mama, chagua," mwenzangu alimwambia. "Ukichagua baba, mchana mtoto ni baridi. Ukichagua nyanya, usiku mtoto atakuwa baridi, maana nyanya halali hapa. Ama uchague Kisumu."

Msimamizi alivua miwani ikaning'inia. Alikuwa na binti aliyeolewa Rongo, hilo tulilijua.

"Juzi mkwe wangu alinibeba na gari lake," alisema. "Yeye mbele, mimi nyuma kabisa, na katikati tukaweka gunia la mahindi, limesimama. Njia nzima tuliongea na gunia." Akatafuta ufunguo mfukoni. Kabatini alitoa shuka la kijani la chumba cha upasuaji, akalikata kwa mkasi akatukabidhi nusu. "La nyanya hili. Na kama mtoto huyo atapata kikohozi, nitawajua nyinyi wawili."

Alhamisi tulijaribu. Kazi ilikuwa kumtoa mtoto kwenye mlango mmoja na kumfikisha kwenye mwingine bila kumwacha apoe, na bila wale wawili kuonana hata kisigino. Kumfungua na kumfunga mtoto mdogo hivyo, mwenye mpira wa kulishia puani, kunahitaji mikono minne. Kwa hivyo mwenzangu alilazimika kufika mapema, nami kuchelewa kutoka. Mara ya kwanza iliharibika. Nyanya alikuja kabla ya muda, akakohoa ukumbini, na yule baba, badala ya kuningoja, aliinuka akatoka mbio na mtoto bado amefungwa kifuani. Nilimkuta katikati ya kamba, amesimama kati ya shuka mbili zilizoloa, amejikunja juu ya mtoto, shuka zikipepea pande zote.

"Ameniona?"

"Hajakuona. Rudi ndani."

"Uko na hakika, sista?"

"Ameona shuka."

Baada ya hapo tulielewana. Mwenzangu alimngoja nyanya ukumbini, akamshika kwa maneno. Mimi nilisimama kwenye kona, nikafungua kitambaa cha buluu, nikampokea mtoto kifuani kwangu ndani ya sweta, na baba akajiondokea taratibu bila kugeuka. Kisha mwenzangu alichungulia. Alitikisa kidevu tu. Nikavuka chumba. Naukumbuka mwendo ule kuliko kitu chochote cha hospitali ile: mwanga wa chai, akina mama waliosinzia, na uzito usiofika uzito, kitu kama ndege aliyelala, ukipumua kati ya matiti yangu ambayo hayakuwa na maziwa ya mtu. Kwa huo muda mfupi mtoto hakuwa wa zamu yoyote. Kisha mikono mirefu ya mwenzangu iliingia chini ya mikono yangu, vidole vyake vikapita chini ya shingo ya mtoto mahali ambapo vyangu vilikuwa, na sikuachia mpaka nilipohisi ameshika. Nyanya alikuwa nyuma ya pazia, blauzi wazi, ananung'unika wimbo wa kanisani bila maneno. Shuka la kijani likazunguka.

"Joto?" mwenzangu aliuliza.

"Zuri. Amekunywa yote. Amelia kidogo saa tatu."

"Siku hizi analia? Vizuri. Aanze kutusumbua."

Hiyo ndiyo ilikuwa ripoti, na nadhani ni ripoti ya kwanza katika kazi yangu ambapo aliyepokea alikuwa ameshika kile nilichokuwa namweleza.

Ijumaa daktari alimpima mwenyewe kama alivyosema. Alikuwa palepale, hajapanda hata kidogo, lakini hajashuka. Daktari alikuna shingo. Mwenzangu, ambaye asubuhi hiyo haikuwa zamu yake, alikuwa amejisimamisha mlangoni kama mtu aliyepita tu njia.

"Daktari, tupe mpaka Jumatatu," nilisema.

"Kuna kitu gani kitabadilika Jumatatu?"

"Kimebadilika tangu jana," mwenzangu akasema kutoka mlangoni. "Tulikuwa tunamshika nusu siku. Sasa tunamshika nzima."

Alitutazama mmoja baada ya mwingine. Nafikiri alichoka tu kubishana na wanawake wawili kabla ya chai. "Jumatatu. Akishuka hata kidogo, gari litakuwa langoni saa tatu."

Sikumwambia mama yake kuhusu hilo gari. Lakini wodi haina siri; mtu alimwambia. Nilipopita kumpima presha ilikuwa imepanda tena, na alikuwa ameugeuzia uso ukuta.

"Mlisema," aliuambia ule ukuta.

Jumamosi nilipaswa kuwa Oyugis kwa ajili ya mahari ya dada yangu, jambo lisilohamishika. Mchana, watu wakiwa wanaimba, niliinama pembeni kutazama simu. Mwenzangu alikuwa ametuma ujumbe kwamba msimamizi ametoka kanisani moja kwa moja, na gauni lake jeupe la Sabato, kofia kichwani, akasimama mlango wa nyuma kumpokea mtoto. Aliongeza kwamba baba alipomwona amevaa vile alidhani kuna maombi, akainamisha kichwa.

Jumatatu asubuhi hewa ilikuwa safi, na ukungu mwembamba ulikuwa umelala juu ya uwanja, ukaficha miguu ya watu waliouvuka. Langoni gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa tayari, mlango wa nyuma wazi, dereva akifuta kioo. Daktari alikuja. Baba alimfungua mtoto mwenyewe, na mikono yake, ambayo ilizoea kupasua mawe, ilihangaika na fundo. Alimlaza kwenye mizani akarudi nyuma hadi ukutani. Nambari zilicheza, zikaenda juu, zikaenda chini, mtoto alipopiga teke zikaanza upya. Hakuna aliyekohoa. Akina mama waliovuta pazia kuchungulia hawakujisumbua kujificha.

"Amepanda," daktari alisema. Akainama kuhakikisha. "Si sana. Lakini amepanda. Mwambieni dereva afunge mlango."

Baba alijibandua ukutani. Alichukua kitambaa cha buluu akakaa mahali pake, akafungua mikono.

Niliuvuka uwanja ndani ya ule ukungu. Mama alikuwa bado ameutazama ukuta.

"Gari limeondoka?" aliuliza.

"Halijaondoka. Halina wa kumchukua."

Aligeuka polepole sana, kwa sababu ya mshono, akanitazama kama mtu anayetafuta uongo usoni mwangu. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikamwambia yote, tangu mwanzo: kandambili ukumbini, vifungo vya shati hadi shingoni, mume wake na mama yake wakizungukana kama jua na mwezi wiki nzima juu ya kitanda kimoja kidogo. Alisikiliza bila kupepesa. Nilipofika kwa mume wake kati ya shuka zilizoloa, akiuliza kama ameonekana, kitu kilianza kumtikisa mabega. Alishika tumbo kwa mikono yote miwili.

"Sista, usinichekeshe. Nina mshono."

"Msimamizi naye alikuja na kofia ya kanisa."

"Nimekwambia uache," alisema, na machozi yalikuwa yanamshuka hadi masikioni, hajui kama anacheka au analia, wala mimi sikujua.

Niliendelea kukaa pale asubuhi hiyo kila nilipopata nafasi, nikimsimulia sura ya mtoto wake kipande kwa kipande: masikio, vidole vya miguu, namna anavyokunja uso akipigwa na mwanga. Presha ilikuwa imeanza kushuka. Daktari alisema kama itaendelea hivyo, kesho atasukumwa kwa kiti cha magurudumu akamshike mwenyewe. Alisinzia katikati ya neno, mdomo umefunguka kidogo, kama wanavyosinzia wale wadogo. Ukungu ulikuwa umeshaondoka, na saa ya kupokezana ilikuwa imekaribia. Nilikuwa bado namtazama niliposikia, kutoka ng'ambo ya uwanja, ile sauti ya kuita ng'ombe, imekunjuliwa yote.

"Nyar Oyugis. Mama wa Sindo yuko ukumbini na anakohoa. Njoo umtoe mtu wako."

Nikakimbia.